Tuwapime watoto kabla ya kuwashindanisha

Mwalimu mmoja aliyewahi kusomesha Lokichoggio, na ambaye siku hizi anaishi Marekani pamoja na aila yake, ameniuliza swali ambalo kwa mtazamo wa kwanza halituhusu hata chembe sisi wakaaji wa nchi za jua kali. Binti yake mwenye umri wa miaka 9 anajifunza mchezo wa kuteleza barafuni kwa mitindo, yaani ule mchezo wa kuvaa viatu vyenye ubapa wa chuma na kuzunguka, kuruka na kucheza kwa madaha juu ya uwanja wa barafu. Katika muda wa wiki mbili mtoto huyo alifaulu mtihani wa mchezo wake, kisha akaingia katika mashindano na kuwa wa mwisho miongoni mwa watoto 6. Baba mtu amechanganyikiwa. "Je," ananiuliza, "mwanangu anajua au hajui?"

Nimelitafakari swali hilo, na kadiri ninavyolitafakari ndivyo ninavyozidi kuona kwamba mahali pake hasa si Marekani kwenye barafu bali Lokichoggio kwenye vumbi. Walimu wa Turkana Magharibi wanaowapeleka watoto mbioni kila mwaka wanakabiliwa na jambo lilo hilo, ila wao hawana hata ule mtihani wa kulinganisha na shindano. Wana shindano tu. Nami nashikilia kwamba mtoto anayekutana na shindano kabla hajapimwa hadhulumiwi tu na matokeo, bali ananyimwa habari ambayo ni haki yake: habari ya mahali alipofika.

Kwanza tuuelewe utaratibu wa huko barafuni. Mtoto anayejifunza mchezo huu nchini Marekani hupanda ngazi za majaribio zilizowekwa na chama cha mchezo wenyewe. Kila ngazi ina orodha ya mambo anayopaswa kuyatenda: kuteleza mbele na nyuma kwa ukingo wa ndani na wa nje wa ule ubapa, kugeuka juu ya mguu mmoja, kuzunguka papo hapo, kuruka na kutua pasipo kuyumba. Siku ya mtihani huingia barafuni mbele ya majaji, nao humtazama na kuandika. Hawamlinganishi na mtoto aliyetangulia wala na atakayefuata. Wanamlinganisha na maneno yaliyomo katika kanuni. Akitimiza, amepita. Asipotimiza, karatasi yake huandikwa neno lenye maana ya "jaribu tena", naye hurudi mazoezini akajiandae upya. Umri si hoja; mtoto wa miaka 8 na mtu mzima wa miaka 40 wanaweza kufanya jaribio moja. Na ngazi ukishaipita umeipita. Hakuna atakayekuja kesho akupokonye kwa sababu yeye ni hodari kuliko wewe.

Sisi husema kwamba mtu "ameanguka mtihani". Katika mchezo huu mtoto aweza kuanguka kwelikweli, akakaa kitako juu ya barafu mbele ya majaji, na bado asianguke mtihani, kwa kuwa majaji wana ruhusa ya kumtaka arudie sehemu iliyomshinda.

Mashindano ni jambo jingine. Ngazi aliyofikia mtoto katika majaribio ndiyo inayoamua atashindana katika daraja lipi, ili mwanafunzi wa juzi asitupwe pamoja na mjuzi wa miaka mingi. Lakini akishaingia, matokeo hayamtegemei yeye peke yake. Yanategemea pia ni nani waliofika siku hiyo. Wakija wanyonge, atakuwa wa kwanza; wakija mabingwa, atakuwa wa mwisho, hali ameteleza vilevile. Binti wa rafiki yangu, basi, anayajua yale aliyotahiniwa. Kuwa kwake wa 6 kunatusimulia habari za wale watano zaidi ya habari zake mwenyewe.

Lugha yetu ililiona jambo hili zamani. Tazama kitenzi "shindana". Kimebeba kiambishi "an" cha kutendana, nacho hakikubali mtu mmoja: huwezi kushindana bila mwenzako, kama vile usivyoweza kuagana au kupigana peke yako. Kwa upande wa pili kuna "tahini", na anayetendwa ni "mtahiniwa". Hapa yatosha awepo mtu mmoja, na anayemtahini, na kipimo. Neno "mtihani" lenyewe tulilipokea kutoka Kiarabu, ambamo mzizi wake unahusiana na taabu na misukosuko, na maana hiyo haijatutoka: mtu akifiwa au akifilisika twasema amepata mtihani. Hatusemi amepata shindano. Kisha tuna "pima", kitenzi kitulivu kabisa. Fundi cherehani hupima nguo, daktari hupima damu, mwalimu hupima uelewa. Lakini hata hicho kikipachikwa kile kiambishi cha kutendana hubadilika tabia. Watu wanaopimana nguvu wamekwisha kukabiliana. Na mwishowe kuna "shindanisha", ambapo wanaokimbia si watendaji wakuu tena. Yuko mtu mwingine juu yao anayewasukuma. Watoto wa shule za msingi aghalabu hawashindani. Hushindanishwa.

Waandishi wetu wa michezo nao wamezidi kuyachanganya mambo kwa neno "kufuzu", linalotumiwa kwa mwanafunzi aliyemaliza chuo na vilevile kwa timu iliyoingia nusu fainali. Sina ugomvi na neno hilo. Kasoro yake ni kwamba linatusahaulisha kuuliza: huyu amefuzu kwa kukifikia kiwango, au kwa kumpita mwenziwe?

Mchezo wa kuteleza wenyewe umepitia safari yenye mafunzo katika suala hili. Asili yake ni michoro. Mchezaji alitakiwa kuchora juu ya barafu, kwa ukingo wa kile chuma cha kiatu chake, maumbo mithili ya tarakimu ya nane, akirudia juu ya mstari uleule bila kuupotea, na majaji wakainama kuikagua alama iliyobaki. Michoro hiyo iliondolewa katika mashindano ya kimataifa baada ya msimu wa 1990. Televisheni haikuwa na subira ya kumwonyesha mtu akichora nane. Yaliyosalia yalikuwa maonyesho ya kuruka na kucheza, na maonyesho yalipewa alama zisizozidi 6.0. Kwa hakika alama hizo hazikuwa kipimo cha mtu. Zilikuwa njia ya kuwapanga watu kwa mfuatano. Jaji aliyempa wa kwanza alama 5.6 alikuwa akimwekea nafasi yule wa baadaye.

Mwaka 2002, katika Olimpiki ya majira ya baridi ya Salt Lake City, mpango huo uliporomoka hadharani. Jaji mmoja wa Ufaransa alisema kwamba alishinikizwa aipendelee jozi ya Urusi, ingawa baadaye aliyakana maneno yake, na ikabidi jozi ya Canada, Jamie Salé na David Pelletier, nayo ipewe nishani ya dhahabu. Kuanzia 2004 shirikisho la kimataifa likaleta utaratibu mwingine. Kila mruko na kila mzunguko una thamani yake iliyoandikwa, na majaji huongeza au kupunguza kwa kadiri ulivyotekelezwa. Tangu 2018 kipimo chao hutoka -5 hadi +5. Mshindani hupata karatasi inayoonyesha kila alichokifanya na alichopata kwacho. Aliyekuwa wa 20 aweza kuisoma karatasi hiyo akajua kwamba mruko wake wa tatu umepanda thamani tangu mwaka uliopita. Wako wanaolalamika kwamba hesabu zimeua sanaa, nami sina ujuzi wa kuwaamua. Ninachokiona mimi ni kwamba watu hao waliingiza mtihani ndani ya shindano, ili anayeshindwa asirudi nyumbani mikono mitupu.

Tukitoka barafuni tukaja Lokichoggio, tunaikuta ngazi moja tu, nayo ni ya mchujo: mbio za shule, za zoni, za kaunti ndogo, za kaunti, za kanda ya Bonde la Ufa, hatimaye za taifa. Ngazi hii haimpandishi mtoto. Humwondoa. Nimewahi kuzishuhudia mbio za namna hiyo nilipozuru shule za huko kuwakagua wanachuo wetu waliokuwa katika mazoezi ya kufundisha. Katika mbio za mita 800 za wasichana, watatu wa kwanza waliandikwa majina. Wa nne, aliyekimbia miguu mitupu na kumaliza hatua chache nyuma ya wa tatu, alimwendea mwalimu akamwuliza amekimbia kwa dakika ngapi. Mwalimu hakujua. Saa ilikuwa moja, na ilikuwa imesimamishwa pale wa kwanza alipouvuka mstari. Msichana alinawa uso, akachukua kibuyu chake cha maji, akaondoka. Simlaumu mwalimu yule, maana alitenda kama walivyotenda wenziwe wote tangu mbio zilipoanza nchini. Lakini swali la yule mtoto lilikuwa ndilo swali lililo bora kabisa kuulizwa uwanjani siku ile, na halikuwa na jibu.

Hebu tumfuate hata yule aliyeshinda. Akifika Lodwar na kushinda tena, ataiwakilisha kaunti yake katika mbio za kanda, ambako atawakuta watoto wa Nandi, Uasin Gishu na Elgeyo-Marakwet. Lodwar iko mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari. Iten iko mita zipatazo 2,400. Huko juu mtoto hukua akivuta hewa nyembamba, akiwatazama mabingwa wa dunia wakipita barabarani kila asubuhi. Mtoto wa Turkana akiwa wa mwisho pale, atarudi na habari moja tu, kwamba wao ni wepesi kuliko yeye. Kwamba amepunguza sekunde 4 kutoka mbio zake za zoni, hakuna wa kumwambia. Matokeo yake ni ile kauli isikikayo hata vinywani mwa walimu, kwamba mbio si za Waturkana.

Kauli hiyo ina jibu, na jibu lake ni Paul Ereng. Mturkana huyu aliyezaliwa Kitale mwaka 1967 alikuwa mkimbiaji wa mita 400 alipokuwa mwanafunzi wa Starehe, Nairobi. Mbio za mita 800 hakuzishika kwa dhati hadi 1988, alipokuwa Chuo Kikuu cha Virginia nchini Marekani. Mwaka uo huo, mwezi wa Septemba, alitwaa dhahabu ya Olimpiki mjini Seoul kwa muda wa dakika 1 na sekunde 43.45, akiwaacha nyuma Joaquim Cruz wa Brazil aliyekuwa bingwa mtetezi na Said Aouita wa Morocco. Lau angelihukumiwa kwa nafasi zake katika mita 400 pekee, angelibaki kuwa kijana mwepesi asiye na habari ya kusimuliwa. Nafasi inasema ulikuwa wa ngapi. Haisemi kwamba mbio zako hasa ni nyingine.

Mfano ulio karibu zaidi ni wa Kakuma, kilomita zipatazo 95 kutoka Lokichoggio. Mwaka 2015 wakfu wa Tegla Loroupe uliandaa mbio za mchujo katika kambi ya wakimbizi. Baadhi ya vijana walikimbia bila viatu. Waliochaguliwa walipelekwa Ngong' kwa mazoezi, na mwaka uliofuata 5 kati yao, wote wazaliwa wa Sudan Kusini, walikuwa nusu ya timu ya kwanza ya wakimbizi katika Olimpiki, ile ya Rio de Janeiro iliyokuwa na wanamichezo 10. Sote tulifurahi, na ilifaa tufurahi. Hata hivyo nawaomba wasomaji waufikirie mchujo wenyewe kwa jicho la mwalimu. Kijana ambaye angeamka na homa siku ile angekosa nafasi, na hapakuwa na daftari ambalo lingeweza kumsemea.

Sasa tazama yaliyofuata. Rose Nathike Lokonyen, aliyeibeba bendera ya timu hiyo mjini Rio, alikimbia mita 800 kwa dakika 2 na sekunde 16.64 akaondolewa katika raundi ya kwanza. Mwaka 2021 mjini Tokyo aliondolewa tena katika raundi ileile, ila kwa 2:11.87. Mwenzake Angelina Nadai Lohalith alikimbia mita 1500 Rio kwa 4:47.38, na Tokyo kwa 4:31.65, naye mara zote mbili hakuvuka raundi ya kwanza. Anayesoma orodha ya washindi ataona kwamba wanawake hawa walikwenda wakashindwa, wakaenda tena wakashindwa. Anayesoma saa ataona kwamba mmoja alipunguza karibu sekunde 5 na wa pili zaidi ya sekunde 15, na kila anayezijua mbio za masafa hayo anafahamu kwamba kupunguza sekunde 15 katika mita 1500 kwadai miaka ya jasho. Shindano liliwapa jibu lilelile mara mbili. Kipimo kiliwapa majibu mawili tofauti.

Jambo la ajabu ni kwamba watoto wenyewe wa Kakuma waliwahi kujitungia mtihani bila kufundishwa na yeyote. Lopez Lomong, aliyeishi kambini humo kwa miaka 10 kabla ya kupelekwa Marekani mwaka 2001, amesimulia katika kitabu cha maisha yake kwamba vijana wakubwa waliweka sharti kwa kila aliyetaka kucheza kandanda: sharti azunguke kambi nzima mbio, masafa ya kilomita 30 hivi, ndipo aruhusiwe kuugusa mpira. Nia yao ilikuwa kupunguza wachezaji. Lakini hebu litazame sharti lenyewe. Halikusema "mtangulie fulani". Lilisema "zunguka". Aliyemaliza wa kwanza na aliyemaliza wa thelathini wote walicheza. Mtoto aliyekimbia hivyo siku baada ya siku ndiye aliyekuja kukimbia mita 1500 mjini Beijing mwaka 2008, na ndiye aliyebeba bendera ya Marekani katika sherehe ya ufunguzi.

Naijua hoja itakayoinuliwa dhidi yangu na walimu wenzangu: je, mitihani haijatutesa vya kutosha? Imetutesa, na sababu yake ni kwamba ilikoma kuwa mitihani. Ule mtihani wa KCPE, uliofanywa kuanzia 1985 hadi 2023, kwa jina ulikuwa mtihani na kwa tabia ulikuwa mbio. Mtoto alipata alama, lakini hakuna mzazi aliyeuliza alama hizo zinaonyesha mwanawe anaweza kusoma nini au kukokotoa nini. Aliuliza amekuwa wa ngapi. Magazeti yalichapisha picha za vinara wakiwa wamebebwa mabegani, na serikali ilipopiga marufuku kuzipanga shule kwa nafasi mwaka 2014, wazazi na walimu wengi walilalamika kana kwamba wamenyang'anywa kitu chao. Mtaala wa Umilisi umejaribu kuirejesha maana ya asili kwa kutumia viwango: kuzidisha matarajio, kufikia matarajio, kukaribia matarajio, na kuwa mbali na matarajio. Maneno hayo ni mazito mdomoni, nayakubali, lakini nia yake ni ileile ya majaji wa barafuni. Mtoto alinganishwe na jambo, si na jirani yake. Kinachonishangaza ni kwamba tumeyakubali hayo darasani, kisha tukayaacha mlangoni tulipotoka kwenda uwanjani.

Wala tusidhani kwamba watu wa barafuni ni malaika. Mchezo wao ni wa gharama kubwa. Viatu, mwalimu, saa za kukodi uwanja, hata majaribio yenyewe, vyote hulipiwa, na wapo watoto wengi wenye kipawa waliokwama kwa sababu ya mfuko wa mzazi. Isitoshe, ngazi zao hazikuwazuia watu wazima kuwasukuma watoto kupita kiasi. Katika Olimpiki ya Beijing ya 2022 dunia nzima ilimwona Kamila Valieva wa Urusi, msichana wa miaka 15, akianguka mara kadhaa chini ya mzigo wa kesi ya dawa zilizopigwa marufuku; mwaka 2024 mahakama ya rufaa za michezo ilimfungia miaka 4. Shirikisho likaamua mwaka uleule wa 2022 kupandisha hatua kwa hatua umri wa chini wa mashindano ya wakubwa, kutoka miaka 15 hadi 17. Nayataja hayo ili asije mtu akasema kwamba napendekeza tuige kila kitu cha Wazungu. Naomba tuige kitu kimoja, kutenganisha kupima na kushindanisha, nacho hakihitaji barafu. Uwanja wa barafu uliofunguliwa Nairobi mwaka 2005 katika hoteli ya Panari haukuhitajika kwa hili.

Wala siyapingi mashindano. Kiambishi kile cha "an" ndicho kilichomo katika kuonana, kujuana na kupatana. Tegla Loroupe, mzaliwa wa Pokot, aliuanzisha wakfu wake mwaka 2003 na akaandaa mbio zilizowakutanisha vijana wa Pokot, Turkana na Karamoja, watu ambao kwa muda mrefu walikutana kwa wizi wa mifugo na milio ya risasi. Mtihani haungeweza kuifanya kazi hiyo, kwa kuwa mtihani ni wa mtu mmoja. Mtoto aliyekwisha kupimwa na kuijua ngazi yake ndiye anayekwenda kukutana na wenzake bila hofu.

Nini kifanywe, basi, katika shule ya Lokichoggio isiyo na uwanja wenye mistari wala bajeti ya michezo? Mwalimu apime kwa kamba iliyopimwa mita 50 mzunguko wa mita 400 au wa mita 200, auwekee alama za mawe yaliyopakwa chokaa. Saa ya kupimia mbio imo katika simu nyingi za mkononi. Daftari la kurasa 96 latosha shule nzima kwa mwaka. Kila mwezi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi kabla jua halijawa kali, watoto wapimwe wawili wawili au mmoja mmoja, na kila jina liandikwe pamoja na tarehe na muda. Uwanja uwe uleule na saa iwe ileile, kwa maana mchanga wa lugga na joto la adhuhuri hudanganya. Ngazi ya kwanza isihusishe saa hata kidogo: kukimbia mita 800 bila kusimama. Ya pili na kuendelea ziwe na muda wake, ukipungua kidogo kidogo. Walimu wa zoni wakae waziandike ngazi hizo pamoja, wakitumia muda halisi wa watoto wao badala ya kunakili jedwali la mabingwa.

Liko suala moja ambalo mpango huu ungelitatua kuliko lingine lolote, nalo ni la umri. Kila msimu wa michezo ya shule huleta ugomvi wa umri. Turkana ugomvi huo una uchungu wa pekee, kwa sababu wako watoto wengi walioanza shule wakiwa wamechelewa, ama kwa kuchunga mifugo ama kwa kukimbia vita, na wengine hawana cheti cha kuzaliwa. Mvulana wa miaka 15 aliye Gredi ya 5 akikimbia na wa miaka 10, wadogo wameonewa. Akizuiwa, yeye ameonewa. Barafuni wangemwuliza umepita ngazi ipi, wakampeleka kwa wenzake wa ngazi hiyo. Mbio za shule na za zoni, ambazo tunazisimamia sisi wenyewe, zinaweza kupangwa hivyo bila kungoja amri kutoka Nairobi. Mbio za kaunti na za kanda zina kanuni zake za umri, na kwa hizo mwalimu atachagua wa kupeleka akiwa na rekodi ya miezi 8 mkononi badala ya matokeo ya asubuhi moja.

Wanachuo wanaojiandaa kuwa walimu, ambao najua ni wengi miongoni mwa wasomaji wa safu hii, wana nafasi nzuri ya kuanza. Mazoezi yao ya kufundisha ni ya muhula mmoja, na muhula una miezi mitatu, maana yake ni vipimo vitatu kwa kila mtoto. Daftari lisiondoke na mwanachuo. Likabidhiwe mwalimu wa michezo, na nakala ya ukurasa wa kila mtoto apewe mtoto mwenyewe. Kwenye siku ya mashindano ateuliwe mtu wa pili mwenye saa yake, ambaye kazi yake ni kuanzia wa nne hadi wa mwisho, na asiizime mpaka wote wamepita.